Karibu ya Pili

"Karibu moja haikalishi mgeni."

Mmeisikia leo asubuhi wodini. Tunsume alimuuliza mama wa kitanda cha dirishani kama ana maumivu, mama akajibu, "Hapana mwanangu, nashukuru," naye Tunsume akaandika "hana maumivu" na kwenda kitanda kingine. Mkunga Mkuu akamwambia maneno hayo manne, wala hakuyafafanua. Sasa mmekuja kuniuliza yametoka wapi, kwa kuwa huko chuoni hamkuyakuta katika kitabu chochote.

Hamkuyakuta kwa sababu ni ya hapa Ndorwe, na umri wake unajulikana. Baba yangu, Sefania Mrutu, ndiye aliyekuwa mkalimani siku yalipozaliwa. Alinisimulia mara nyingi, na Bibi Nakiete mwenyewe alinisahihisha kila mahali ambapo baba alijipendelea. Nisiyoyajua sitayaongeza.

Chanzo chake ni hiki.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru, zahanati hii ilikuwa vyumba viwili chini ya bati jipya. Muuguzi wake alikuwa Mwingereza, Sista Hilda Garside, mwanamke mrefu aliyepanda mlima huu kutoka barabarani kwa miguu na hakukubali kubebewa mzigo hata mmoja. Alikuja kufungua chumba cha wazazi. Kitanda kilikuwepo, mashuka yalikuwepo, na ndani ya sanduku la bati kulikuwa na sindano za kuzuia damu kwa mama aliyekwisha kujifungua. Wazazi ndio hawakuwepo. Kwa miezi minne waliingia wawili tu, na mmoja wao alikuwa mke wa karani, asiye mwenyeji wa huku milimani.

Wanawake wa Ndorwe walijifungulia mikononi mwa Nakiete. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mjane, hajui kusoma, na kumbukumbu zake zilikuwa ndani ya kibuyu. Kila alipozalisha salama alitia humo haragwe jeupe. Mama alipofariki alitia jekundu. Katika miaka ishirini na saba meupe yalikuwa yamekijaza kibuyu hadi shingoni. Mekundu yalikuwa matatu. La tatu lilikuwa la mke wa mwanawe, aliyejifungua vizuri, akanywa uji, kisha akatokwa na damu ambayo Nakiete hakuweza kuizuia kwa dawa yoyote aliyoijua.

Aliposikia kwamba zahanati ina sindano ya kufunga damu, alitaka jambo moja tu: kuwa mahali ilipo sindano hiyo. Hakumwambia mtu. Kwetu mtu hajiombei kiti, hungoja avutiwe.

Sista Hilda naye alikuwa amekwisha kuelewa kwamba chumba chake kitabaki kitupu mpaka Nakiete asimame mlangoni. Wilaya ilikuwa imeruhusu mkunga msaidizi mmoja. Jina lake lilitakiwa kabla mwezi haujaisha, na lisipofika, wilaya ingemleta mtu wake kutoka kwingine. Kwa hiyo Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, wakati wa kupanda maharage ya vuli, Sista alimchukua baba wakapanda kitongoji cha juu kumwalika Nakiete.

Niwaeleze kidogo habari za baba. Alikuwa dresa, kijana wa miaka ishirini na minne, anayefunga vidonda na kutafsiri. Kiingereza alikipenda kama wenzake walivyopenda mpira. Kila alasiri Sista alimfundisha saa nzima namna ya kuomba, kualika na kutoa kwa adabu katika lugha hiyo, na baba aliyaandika yote katika daftari ambalo bado ninalo. Rafiki unamwambia tu, njoo tunywe chai. Mtu usiyemzoea humwambii njoo. Unamuuliza kama angependa, kama ana nafasi, kama haitamsumbua. Akisema hapana, unamshukuru na kunyamaza. Sista alimweleza kwamba hapo ndipo adabu ilipo: umemwachia mwenzako mlango wazi wa kukataa, na akishautumia humvuti shati. Baba aliipigia mistari miwili sentensi hiyo.

Walipofika kwa Nakiete jua lilikuwa limepanda sana, nao walikuwa njiani tangu alfajiri. Kulikuwa na makande jikoni. Nakiete aliwakaribisha kula. Sista akajibu, kupitia kwa baba, kwamba anashukuru lakini ameshiba. Nakiete akaenda kuosha sahani kana kwamba hakusikia. Akakaribisha tena, Sista akasema asijisumbue. Nakiete akapakua, akaiweka sahani magotini pa Sista, akasema makande yakipoa huwa mawe. Sista akala. Baba alisema alikula mpaka akakwangua sahani.

Baada ya chakula Sista alisema lililomleta. Alilisema kwa ufundi wote wa lugha yake: kwamba angeona ni heshima kubwa, ikiwa Mama Nakiete ana nafasi, na ikiwa jambo lenyewe halitamwia zito, kama angefikiria kufanya kazi pamoja naye katika chumba cha wazazi. Baba alitafsiri neno kwa neno. Hakuongeza, hakupunguza.

Nakiete alitazama chini, akasema, "Mimi ni mtu wa jembe. Sijui hata herufi moja. Watafuteni wenye elimu, wapo wengi."

Mzee yeyote wa Ndorwe angesikia jibu hilo akavuta kigoda karibu zaidi. Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kukubali. Anarudi nyuma hatua moja ili ajulikane si mroho, na mwenyeji anamfuata kwa hatua mbili ili ajulikane hakualika kwa mdomo tu. Lakini baba hakuwa akisikiliza kama mtu wa Ndorwe. Alikuwa akisikiliza kama mkalimani. Alitafsiri neno kwa neno: hajui kusoma, watafutwe wenye elimu.

 Sista akasema anamwelewa, anamshukuru kwa kusema wazi, na hatamsumbua tena. Akasimama. Hilo nalo baba alilitafsiri sawasawa.

Nakiete aliwasindikiza. Desturi ya kitongoji kile ni kumsindikiza mgeni mpaka mwisho wa migomba. Yeye alipita migomba, akapita shamba la jirani, akafika nao mpaka kijito, mwendo wa nusu saa, akitembea taratibu na kuulizia hali ya barabara, hali ya bati, hali ya mbwa wa zahanati. Baba alidhani ni heshima. Ilikuwa nafasi. Alikuwa anampa Sista muda wa kusema mara ya pili. Sista akamshukuru kwa makande, wakaagana.

 Njiani baba alijiona amefanya kazi safi.

Siku nne zikapita. Ijumaa asubuhi Sista alimkabidhi baba barua ya wilayani, ndani yake ameandika kwamba mkunga wa hapa amekataa, hivyo wamlete mtu wao. Lori la posta lingepita barabarani saa nane mchana. Baba aliitia barua kwenye mkoba, na kwa kuwa alikuwa na mgonjwa wa kidonda kitongoji cha juu, alipitia huko kwanza.

Njia hiyo inapita mbele ya nyumba ya Nakiete. Kilichomsimamisha baba ni shamba. Majirani wote walikuwa wamekwisha kupanda, na kwa wengine maharage yameanza kupasua udongo. Shamba la Nakiete lilikuwa limelimwa, likaachwa hivyo hivyo. Mwenyewe alikaa barazani, amevaa kanga ya kanisani siku ya Ijumaa, kucha amezikata hadi kwenye nyama kama wakunga wanavyofanya wanapoitwa.

Baba alimwamkia, akamuuliza mbona hajapanda, mvua haimngojei mtu.

"Nangoja mgeni," Nakiete alisema. "Sitaki aje anikose, niko shambani na matope."

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo wenu. Hajarudi."

"Arudie nini? Si ulimkatalia."

Nakiete alimgeukia. "Sefania mwana wa Mrutu. Ulitaka niidake kazi kama kuku aliyerushiwa punje?"

"Lakini ulisema watafutwe wenye elimu."

"Na yeye alisema ameshiba. Mbona nilimpa makande?"  Nakiete akaendelea, bila kupandisha sauti, "Mikono hii ndiyo iliyokupokea wewe. Ulitoka kimya, wa bluu. Nilikupiga kofi, hukulia. Ningesema, basi, mtoto huyu hataki, nisimsumbue, leo nani angekuwa anatembea na mkoba akitafsiri watu?"

Baba aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna mwalimu aliyemrudi kwa maneno machache kuliko hayo. Akamuuliza swali moja tu, kama anaitaka kazi ile.  Nakiete aliingia ndani, akatoka na kibuyu, akachomoa kizibo na kumimina juu ya ungo. Weupe ulifunika ungo mzima. Mekundu alikuwa ameyatoa humo na kuyafunga peke yake kwenye pindo la kanga. Akalifungua.

"Silitaki la nne," alisema.

Kidonda cha mgonjwa kilingoja. Baba aliteremka mlima mbio, na barua haikufika barabarani.

Sista alikuwa akihesabu bandeji. Alipoiona barua mkononi mwa baba, aliuliza kama lori limeharibika. Baba alisema lori ni zima, ila yeye ndiye aliyeharibu tafsiri. Sista alishangaa, maana alimjua kwa uangalifu wake. Akauliza ni neno lipi alilokosea.

"Sikukosea neno, Sista. Niruhusu nikuulize. Jumatatu, ulipoambiwa karibu chakula, ulikuwa umeshiba?"

Sista aliona haya. Akasema hapana, alikuwa na njaa. Tangu alfajiri alikuwa hajala kitu ila kikombe cha chai.

"Mbona ulisema umeshiba?"

"Nilifikiri ni chakula cha nyumba yake. Sikutaka kuonekana nimekwenda kula."

"Na kama angekukaribisha mara moja tu, akakushukuru, akafunika chungu?"

"Ningeteremka na njaa yangu."

"Basi ndivyo Mama Nakiete alivyo tangu Jumatatu," baba alisema. "Anangoja na njaa yake."

Sista aliketi juu ya sanduku la bandeji.  Alichukua barua, akairarua mara mbili, kisha akauliza huku Ndorwe mtu huombwa mara ngapi. Baba akasema mbili zatosha mara nyingi, tatu ni uhakika. Sista akataka afundishwe. Jioni hiyo mwalimu alikuwa baba na mwanafunzi alikuwa Sista. Somo lilikuwa gumu kwake, kwa sababu kila kitu alicholelewa nacho kilimwambia kwamba anayemkazania mtu aliyekataa hana adabu.

Jumamosi walipanda tena. Safari hii Sista alibeba mfuko wa mbegu za maharage, na majirani waliokuwa shambani waliweka majembe chini wakafuata, maana mzungu akirudi mahali alipokataliwa ni jambo la kutazamwa.

Nakiete aliwapokea kana kwamba hawakuonana mwaka mzima. Sista hakutumia mkalimani. Alisema kwa Kiswahili alichokariri usiku, kizito lakini kinachosikika, "Mama Nakiete, nimekuja tena. Karibu tufanye kazi."

"Mimi mzee," Nakiete alisema. "Na mbuzi wangu atachungwa na nani?"

Sista alimgeukia baba, uso umeingiwa na wasiwasi. Baba alimnong'oneza kwamba akishafika kwenye mbuzi, amefika. Mtu asiyetaka hamtafutii mbuzi wake mchungaji.

Sista akasema, "Mbuzi aje naye. Nyasi za zahanati ni ndefu." Watu wakacheka. Akaketi chini, si kwenye kigoda, akanyoosha miguu yake mirefu. "Karibu, Mama. Mimi siondoki."

Hapo Nakiete akacheka pia, akiufunika mdomo kwa kanga. "Haya. Kama mmenilazimisha, nifanyeje?" Kisha akamwinamia Sista, akamwambia kwa upole, kama anavyoelekezwa mwali, "Sikia, mwanangu. Karibu moja haikalishi mgeni. Ya kwanza huipisha, apate kujua kama umeisema wewe au imeisema desturi yako. Ya pili anaketi."

Baba alitafsiri. Sista, mtu wa kutaka mambo kwa kipimo, akauliza swali ambalo nanyi lazima mlishike. Je, mtu akiwa hataki kweli? Atajuaje pa kuacha?

"Ya tatu ni mapenzi," Nakiete alisema. "Ya nne ni kamba. Kamba ni ya mbuzi."

Siku hiyo hiyo majirani walimpandia shamba lake, wote kwa pamoja, kwa mbegu zile. Sista alipanda mistari miwili iliyopinda. Jumatatu Nakiete alikuwa mlangoni mwa chumba cha wazazi.

Daftari la zahanati lipo kabatini, mnaweza kulisoma wenyewe. Mwezi uliofuata waliingia wazazi tisa. Nakiete aliweka kanuni moja ambayo hamkuikuta katika mafunzo yenu: mama akisema hapana, nashukuru, unamaliza ulichokuwa ukifanya, unarudi, unaketi kitandani pake, unauliza tena. Mara ya kwanza anajibu adabu yake. Mara ya pili ndipo unajibiwa na mwili.

Januari alikuja Nanzia wa kitongoji cha juu, amejifungua nyumbani siku hiyo hiyo asubuhi, mtoto mgongoni mwa mama mkwe. Alisema amepita tu kuwaamkia. Sista alimuuliza kama yu mzima. Akasema mzima kabisa, asisumbuliwe mtu. Sista alikwenda kunawa mikono, akarudi, akaketi kando yake na kumuuliza mara ya pili. Nanzia akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kanga aliyoijaza damu tangu ajifungue, hii ni ya nne. Sindano ilipigwa palepale. Nakiete alikaa akimshika tumbo kwa saa tatu, hata damu ikakata.

Usiku ule, aliporudi kwake, Nakiete alitia haragwe kibuyuni. Lilikuwa jeupe. Yale mekundu yalibaki matatu mpaka alipofariki, na ninayo mimi, pindo la kanga na yote.

Nanzia alirudi baada ya siku arobaini, mtoto amenona, na jogoo mkononi. Alimpa Sista kwa mikono miwili, akasema tu kwamba ameletwa na miguu yake mwenyewe na kwamba isingekuwa swali lile la pili isingemleta. Sista, kwa mazoea ya kwao, akasema asante sana lakini hapana, hakupaswa kujitaabisha, jogoo ni wa watoto.

 Nanzia akamtazama Nakiete. Nakiete akatazama dari.

Basi Nanzia akatoka nje na jogoo wake, akafunga mlango, akabisha hodi.

"Karibu," Sista alisema.

"Nimekuletea jogoo," Nanzia alisema.

Sista akampokea. Baba alisema hapo ndipo alipomwona Sista Hilda akifuta macho, mara moja tu katika miaka sita aliyokaa nasi, na jogoo akimpiga mabawa usoni. Hakusema kwamba hakustahili. Alisema asante, akanyamaza, na Nanzia akaenda zake akiwa mwepesi, maana shukrani isiyopokewa ni mzigo unaorudi nao nyumbani.

Baba aliishi akisahihisha daftari lake. Ile sentensi aliyoipigia mistari miwili hakuifuta, kwa sababu ni kweli: ukiwa na Mwingereza, mwachie mlango wazi, wala usimvute shati. Chini yake tu aliandika kwa wino mwingine kwamba mlango ukishaachwa wazi, ni vizuri kurudi kutazama kama mtu bado amesimama pale nje.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Chai ipo kwenye birika, karibuni.

Naona mnasema mmeshakunywa. Nitawauliza tena. Lakini wewe, Tunsume, usingoje chai. Umekwisha kuinuka, na najua unakokwenda. Mama wa kitanda cha dirishani alikushukuru leo asubuhi. Ukifika, usisimame na kalamu. Keti kwanza, umuulize tena, na umpe muda.

Karibu moja haikalishi mgeni.